Mpunguaji Mkuu wa Taifa

Jamhuri ya Kivimbo haimo kwenye ramani, na wenyewe husema hilo ni kosa la ramani. Ni nchi yenye amani, bendera ndefu na viongozi wazito. Wazito kwelikweli, si kwa msemo tu. Huko kiongozi akitembelea wilaya, wananchi hutazama kwanza gari lake limelalia upande gani, ndipo wajue amekaa wapi na wampungie mkono upande huo.

Sasa ikatokea kwamba Rais wa Kivimbo, Mtukufu Dondoo Mwalubanda, alipanda jukwaani siku ya sherehe za uhuru kupokea saluti, na jukwaa likashuka naye. Halikuvunjika. Taarifa ya Ikulu ilieleza wazi kwamba jukwaa lilipiga magoti kwa heshima. Lakini daktari wake alimwambia faraghani kwamba moyo umechoka, na ni lazima apungue.

Hapo pakazuka tatizo la kikatiba. Katiba ya Kivimbo inasema mamlaka ya Rais hayapungui, heshima yake haipungui na kura zake hazipungui. Juu ya kilo haisemi kitu, lakini wanasheria wa serikali waliona kwamba Rais akishaanza kupungua mahali pamoja, hakuna ajuaye atakomea wapi. Uamuzi ukatoka: Rais hatapungua. Atateuliwa raia mmoja apungue kwa niaba yake.

"Serikali yangu," Rais alilihutubia taifa, "inalipa suala hili la kupungua uzito mkubwa sana."

Wananchi wakapiga makofi.

Aliyepewa kazi ya kumtafuta raia huyo alikuwa Mheshimiwa Bwagizo Msumule, Waziri wa Wepesi wa Taifa, wizara iliyoundwa asubuhi ile ile. Kazi haikuwa nyepesi. Raia huyo alitakiwa awe na uzito sawasawa na wa Rais, na uzito wa Rais ni siri ya dola. Waziri akatumia akili. Alichukua kiti kimoja cha Ikulu, akazunguka nacho maofisini, akawa anakalisha watu na kutega sikio. Kiti hicho kilikuwa na mlio wake maalumu kila kinapokaliwa na Mtukufu: mlio mrefu, wenye huzuni kidogo, kama wa mbuzi aliyekumbuka jambo.

Kilipofika Wizara ya Mvua, akakalishwa Mwajabu Kitwana. Kiti kikalia. Waziri alifumba macho, akasikiliza mpaka mlio ulipokwisha.

"Ndiye," alisema.

Mwajabu alikuwa mpokea simu wa wizara hiyo, mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye sauti nzuri iliyowafanya wakulima wasikate simu hata anapowaambia kwamba mvua iko kwenye kikao. Jambo ambalo wakubwa hawakulijua ni kwamba alikuwa ameshaanza kupungua kwa hiari yake, au tuseme alikuwa ameanza kujaribu. Mama yake mzazi alianguka jikoni akiwa na umri kama wake, mwiko ukiwa bado mkononi, na hakuinuka tena. Tangu Mwajabu aufikie umri ule, kila akipanda ngazi za wizara na kusikia moyo unavyogonga, alikuwa akiuona ule mwiko.

"Nimeacha soda, nimeacha chapati za asubuhi, na jioni natembea," alimweleza Waziri. "Sijapungua hata kidogo, Mheshimiwa. Mtafuteni mwingine."

"Ulikuwa unapungua bila serikali, mama," Waziri akamjibu kwa upole. "Ndiyo maana."

Basi Mwajabu akavishwa utepe, akapewa cheo cha Mpunguaji Mkuu wa Taifa, na ikaundwa Kamati ya kumsaidia. Kikao cha kwanza cha Kamati kilijadili chakula. Mjumbe mmoja alisimama akauliza swali zito: ikiwa Mpunguaji Mkuu ataacha kula chapati zake, hizo chapati zitakwenda wapi? Waliona kuziacha zipotee ni hujuma ya uchumi. Ikapitishwa kwamba chakula chote anachojinyima ni mali ya umma, na Kamati itakila kwa niaba ya umma.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mwajabu aliletewa sinia la chapati, samli ikichuruzika. Alilitazama, akameza mate, akasema, "Sitaki." Sinia likapelekwa chumba cha pili, na mlango ukafungwa. Kadiri alivyozidi kujinyima, ndivyo Kamati ilivyozidi kunawiri. Siku moja mwenyekiti wake alimjia ana kwa ana kumlalamikia.

"Mama Mwajabu, tunathamini juhudi zako. Lakini mbona unakataa vitu vidogovidogo tu? Hebu jikaze, ukatae na biriani."

Alipewa pia Mhamasishaji. Huyu alikuwa Kefa Ndulute, mtangazaji wa mpira aliyekosa kazi baada ya ligi ya Kivimbo kufutwa, kwa kuwa timu ya Ikulu ilifungwa. Kazi ya Kefa ilikuwa kumfuata Mwajabu kwa nyuma katika matembezi yake ya jioni, yeye akiwa amekaa juu ya pikapu na kipaza sauti mkononi.

"Mwajabu anainua mguu wa kulia!" sauti yake ilipasua mtaa mzima. "Anaupeleka mbele! Anautua! Sasa wa kushoto, wa kushoto, wa kushotooo... ameuweka! Ameuweka, ndugu msikilizaji!"

Watu walitoka majumbani. Kuku walikimbia. Mwajabu alitembea akiwa ameinamisha kichwa, jasho likimtiririka, akiomba ardhi ipasuke. Ardhi ya Kivimbo, kama ofisi zake, haikuwa na haraka.

Zoezi la kupima likafanyika Uwanja wa Taifa mbele ya umati. Siku ya kwanza mizani ilisoma kilo mia moja na kumi, na watu wakashangilia kwamba safari imeanza. Zikapita wiki, akapimwa tena. Mia moja na kumi. Watu wakashangilia kidogo. Zikapita wiki nyingine, za chapati zilizokataliwa na magoti yaliyovimba, akapanda mizani kwa mara ya tatu. Bendi ya polisi ilikuwa imeshashika tarumbeta kupiga wimbo wa ushindi.

Mia moja na kumi na moja.

Bendi, kwa kuwa haikuwa imepewa wimbo mwingine, ilipiga ule ule wa ushindi, ila polepole. Mtu mmoja akazomea huko juu, kisha kumi, kisha uwanja mzima. Waziri Msumule akakimbilia kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, msishtuke! Kilo hii iliyoongezeka si ya Mwajabu. Ni kilo ngeni. Vyombo vya dola vinachunguza imeingiaje nchini."

Papo hapo mizani ikakamatwa. Ilitiwa pingu miguuni, ikapakiwa kwenye gari la polisi na kupelekwa kuhojiwa. Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwa herufi kubwa: MIZANI YAKATAA KUTOA USHIRIKIANO.

Jioni ile Mwajabu aliketi uani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Mumewe, Shomvi, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, alikuwa akinyoosha spoku pembeni.

"Naacha," Mwajabu alisema.

"Sawa."

"Umesikia? Naacha. Nimejinyima, nimetembea, nimetangazwa kama mpira, na nimeongezeka. Wanangu huko waliko wamesikia mama yao akizomewa. Mwili huu haunitaki mema."

"Sawa, mke wangu. Nikupikie chapati?"

Shomvi aliizungusha ringi, akaitazama inavyoyumba, akaikaza tena.

"Leo viatu alikufunga nani?" aliuliza.

"Viatu gani?"

"Hivyo vya kutembelea."

"Nimefunga mwenyewe. Kwani vipi?"

"Zamani ulikuwa unaniita niache kazi nije nikufunge kamba, maana ulikuwa huvifikii. Siku hizi huniiti. Nilidhani umenikasirikia, ila nikaogopa kuuliza."

Mwajabu alitazama miguu yake ndani ya beseni. Akainama, taratibu, akashika vidole vya mguu wa kulia. Akavishika na vya kushoto. Hakuwa na kumbukumbu ya lini alianza kuvifikia. Alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na Shomvi akaja kumfuta uso kwa kitambaa cha gereji, akamwachia alama nyeusi shavuni.

"Lakini mizani inasema..."

"Mizani iko kituo cha polisi," Shomvi alisema. "Na haijui lolote kuhusu viatu."

Kesho yake Mwajabu alitoka kutembea kabla pikapu haijafika.

Huko Ikulu mambo yalikuwa yamechacha. Kila asubuhi Mtukufu Rais alimpigia simu Waziri kumuuliza, "Nimepungua?" Waziri akijibu kwamba bado kidogo, Rais anakata simu, na Waziri anashindwa kunywa chai. Kisa hicho kingeendelea hivyo kama baraza la mawaziri lisingekaa na kupata ufumbuzi. Waziri aliutangaza kwa suti mpya.

"Ndugu wananchi, matokeo yamechelewa kuja. Kwa hiyo serikali imeyafuata. Kuanzia leo, Mpunguaji Mkuu wa Taifa ana kilo sabini!"

Ikawa sikukuu. Mabango yakabandikwa kila njia panda, yenye picha ya mwanamke mwembamba kama mwanzi, ambaye kwa kweli alikuwa mpwa wa Waziri. Rais, akiwa na furaha ya mtu aliyepungua, alichinjiwa mbuzi, naye akammaliza. Mizani zote nchini zikakusanywa zisije zikapotosha umma, na tangu hapo nyama Kivimbo ikawa inauzwa kwa kukadiria kwa macho.

Waziri alikwenda mwenyewe kwa Mwajabu kumpa shukrani za serikali na amri ya kukoma kutembea.

"Umefika, mama. Mtu aliyefika akionekana bado anatembea, watu watauliza anakwenda wapi."

"Lakini Mheshimiwa, mimi sijapungua."

Waziri alimwekea mkono begani. "Usiwe mbinafsi, mama. Taifa zima limekubali isipokuwa wewe."

Mwajabu alirudi kwenye simu zake za Wizara ya Mvua. Sasa alikuwa huru kula chapati, kwa kuwa hata angekula gunia zima la unga angebaki na kilo sabini. Alijaribu siku moja. Alikula mbili, zilikuwa tamu, akashiba. Jioni ilipofika miguu ikawa inamwasha. Alichukua ndoo tupu, akatoka.

Ndoo ilikuwa kwa ajili ya askari. Barabarani polisi walikuwa wakimsimamisha kila mwanamke mnene anayetembea na kumuuliza, "Mama, unatembea kwa nia gani?" Anayebeba ndoo alikuwa na jibu. Siku ya kwanza askari mmoja alimkagua, akamwuliza jina.

"Mwajabu Kitwana."

Askari akatazama bango, akamtazama yeye, akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Mwajabu ni mwembamba, mama. Nenda kachote maji."

Kwenye kona ya pili alimkuta Kefa Ndulute amekaa juu ya jiwe. Pikapu ilikuwa imerudishwa wizarani, na kazi yake imekwisha. Alipomwona Mwajabu alisimama kwa aibu.

"Shikamoo, mama. Ningependa kukuomba radhi kwa zile kelele."

"Marahaba. Nimeshasahau. Unakwenda wapi?"

"Sina pa kwenda."

"Basi twende."

Wakatembea. Kefa, aliyezoea kumfuata kwa gari, alianza kuhema walipofika gengeni. Lakini mazoea ni mazoea, na baada ya muda akaanza kunong'ona: "Mwajabu anakata kona... anampita mwenye baiskeli..."

"Kefa, nyamaza."

"Samahani, mama."

Wakawa wanatoka hivyo kila jioni. Mwajabu alimsimulia habari za mama yake. Kefa naye siku moja akamwuliza jambo lililokuwa likimkera.

"Hivi mama, na kama usipopungua kabisa? Maisha yako yote?"

Mwajabu alilifikiria swali lile kwa hatua kadhaa. Lilikuwa likimtisha yeye pia, hasa asubuhi anapovaa gauni na kukuta linambana palepale.

"Basi nitakuwa mnene anayefika gengeni bila kupumzika," alisema. "Zamani nilikuwa napumzika mara mbili. Kuna siku siamini kabisa, Kefa. Siku hizo nabeba tu ndoo."

Mvua zikanyesha, zikakoma. Asubuhi moja Mwajabu alipanda ngazi za wizara akiongea na mwenzake, na alipofika juu alikuwa bado anaongea. Gauni lake la kazini likaanza kumcheza kiunoni. Hakuwa na mizani ya kujipima, na hakumwambia mtu, akihofia bahati isije ikasikia na kuondoka.

Habari za Mpunguaji Mkuu zilikuwa zimevuka mipaka. Rais wa nchi jirani, aliyekuwa na kitambi chake mwenyewe cha kuhangaikia, aliomba kuja kuona maajabu. Uwanja wa Taifa ukapambwa. Mgeni alipofika alikuwa na zawadi iliyofungwa utepe, na utepe ulipofunguliwa, ilikuwa mizani mpya, inayong'aa, kubwa kama kabati.

Waziri Msumule aliitazama kama mtu anavyomtazama nyoka kitandani. Lakini zawadi ya rais mgeni haikataliwi.

"Mama apande basi, tushuhudie," mgeni alisema.

Mwajabu akavua viatu, akapanda. Mshale uliruka, ukatikisika, ukatulia kwenye tisini na nane.

Alisoma mara mbili. Kisha akapiga kigelegele kilichofika mpaka mageti ya nje. "Nimepungua! Jamani, kweli nimepungua!" Alishuka akamkumbatia Kefa, akamkumbatia Shomvi, na hao wawili walikuwa wakipiga makofi kwa nguvu zao zote. Uwanja mzima hakuna mwingine aliyepiga. Maelfu ya watu walikuwa wakifanya hesabu ya kutoa kimoyomoyo.

Mtukufu Rais aliinama kutoka kitini, jasho likimtoka usoni, akamwuliza Mwajabu kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia redioni, "Mama, ulifanyaje?" Mwajabu alifungua mdomo amjibu. Waziri akaipungia mkono bendi, tarumbeta zikalia, na jibu likapotelea humo.

Jioni hiyo hiyo Mwajabu alikamatwa kwa wizi wa kilo ishirini na nane, mali ya Jamhuri.

Kesi haikuchukua muda. Jaji, mtu mwenye mashavu mazuri, alimtazama kutoka juu.

"Serikali ilikukabidhi kilo sabini. Umekutwa na tisini na nane. Hizi nyingine umezipata wapi?"

"Mheshimiwa Jaji, nilikuwa na mia na kumi na moja. Watu wote waliniona. Walinizomea."

"Mia na kumi na moja zilisomwa na mizani iliyopatikana na hatia."

"Kwa hiyo nimepungua au nimeongezeka?"

"Mshtakiwa haulizi maswali," jaji alisema. "Ukisema ulipungua, unasema serikali ilidanganya, na hilo ni kosa kubwa kuliko wizi. Mimi nakuonea huruma. Kiri wizi."

Mwajabu alimtazama Shomvi aliyekaa benchi la nyuma, kofia mkononi. Akafikiria ngazi za wizara, na ile asubuhi aliyofika juu akiongea.

"Nilipungua," alisema.

Akahukumiwa kufukuzwa nchini. Mahakama iliagiza Waziri na Kamati nzima wamfikishe mpakani wao wenyewe na kuhakikisha amevuka. Mpaka uko juu ya mlima. Gari la magereza lililetwa, Kamati ikapanda, na springi zikakatika hapohapo mbele ya mahakama. Likaletwa lingine, nalo likakatika springi vilevile. Ikabidi waende kwa miguu.

Walianza vizuri. Mbele sajini mwenye bunduki, katikati Mwajabu na pingu zake, nyuma Waziri na wajumbe, na mwisho kabisa Shomvi akisukuma baiskeli yenye mabegi, pamoja na Kefa aliyesema haachwi. Mlima ulipoanza kuinuka, mwenyekiti wa Kamati aliomba mapumziko. Mbele kidogo aliomba tena. Sajini, ambaye naye alikuwa akihudhuria vikao vya Kamati upande wa chakula, alimfungua Mwajabu pingu ili amsaidie kubeba bunduki.

"Ni nzito, mama. Nishikie mpaka pale kwenye mwamba."

Pale kwenye mwamba hakuidai. Mjumbe mmoja alimpa koti lake, mwingine mkoba. Waziri Msumule alivua viatu vilivyomtoa malengelenge, navyo Mwajabu akavipokea. Alikuwa akitangulia, anasimama, anawangoja, kisha anatangulia tena. Mapafu yake yalivuta hewa ya mlimani, yakairudisha, yakavuta nyingine, bila ugomvi. Aliona ajabu kwamba kwenye safari ya aibu kuliko zote maishani mwake, mwili ulikuwa na raha.

Afisa uhamiaji wa nchi jirani alitoka kibandani mwake, akaona mwanamke amesimama wima kileleni, bunduki begani, pingu kiunoni, viatu vya kiume mkononi. Chini yake, wanaume wenye suti walikuwa wakipanda kwa mikono na magoti. Afisa akapiga saluti.

"Karibu, afande. Hawa wafungwa unawapeleka wapi?"

Waziri aliinua kidole ili asahihishe. Alifungua mdomo, lakini pumzi haikuja. Mwajabu alimngoja kwa adabu, kwa kuwa ni mkubwa. Alipoona hasemi, akamjibu afisa mwenyewe.

"Mfungwa ni mimi."

Afisa alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema siku nyingi hajakutana na askari mcheshi namna hiyo, akainua kizuizi.

Mwajabu aliilaza bunduki juu ya meza ya kibanda, akaweka pingu juu yake. Kisha akarudi mpaka alipoketi Waziri, akainama bila shida, akampangia viatu mbele ya miguu.

"Usikae sana, Mheshimiwa, miguu itakaza. Inuka ukatembee mpaka ule mti, halafu urudi. Kesho hivyohivyo. Mwanzoni hutaona kitu."

Waziri alihema, akahema, akapata pumzi ya maneno mawili, ya kwanza tangu chini ya mlima.

"Mpaka lini?"

Lakini Mwajabu alikuwa keshavuka. Alikuwa akishuka upande wa pili mikono ikimpepea, na nyuma yake Shomvi, anayeng'ang'ana na baiskeli na mabegi, alikuwa akimpigia kelele kwamba apunguze, jamani, sasa apunguze na mwendo.